Barua yangu imenirudia na kosa lake

Nina steshenari ndogo pale Mafiati, Mbeya mjini. Kompyuta mbili, mashine ya fotokopi, printa inayokohoa kama mzee wa baridi, na benchi la wateja. Watu wanadhani tunaishi kwa kutoa kopi. Kodi ya fremu yangu inalipwa na maombi ya kazi. Tangazo likitoka tu benchi linajaa, na siku ya mwisho watu wanasimama hadi kwa jirani anayeuza chipsi.

Alhamisi moja mwezi wa sita, nimejifunga khanga juu ya sweta, aliingia kijana kutoka Tukuyu. Kiwanda kimoja cha maziwa kilikuwa kinatafuta msaidizi wa kituo cha kukusanyia maziwa. Maombi kwa barua pepe, mwisho saa kumi na moja jioni siku hiyohiyo. Saa yangu ilisoma nane na nusu.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, karibu."

"Naomba kuprinti, nisaini, tuskani, tutume. Barua ninayo." Akatoa flashi.

Nikafungua. YAH: MAOMBI YA KAZI. Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sikushtuka, maana nchi nzima inahusika na kichwa cha habari hapo juu. Nikashuka aya ya pili: "Mimi ni kijana mchapakazi, mwenye kujituna na uzoefu wa kutosha."

Kujituna.

Kosa hilo ni langu. Nililichapa mwaka 2019, kwenye barua ya dada mmoja wa Soweto aliyekuwa akiomba kazi ya uhasibu. N na M zinakaa jirani kwenye kibodi, umeme ulikuwa unakatika na kurudi, nikaprinti bila kusoma. Yule dada akampa rafiki yake, rafiki akaitupia kwenye kundi la WhatsApp, na tangu hapo barua inatembea. Nilishaiona kwa mtu wa udereva, nikaiona kwa mwalimu wa chekechea. Jina linabadilishwa, tarehe inabadilishwa, kujituna kunabaki palepale. Sasa mfikirie anayepokea rundo la barua pale ofisini, anakutana na kujituna mara nne kabla ya chai. Anajua kabisa kwamba hakuna hata mmoja wao aliyekaa chini akaandika.

Nikamuuliza kijana, "Hapa unasema una uzoefu wa kutosha. Uzoefu gani?"

"Sina, dada. Hayo ni maneno ya barua."

"Nyumbani unafanya nini?"

"Nakamua tu. Halafu asubuhi napokea maziwa ya majirani, napeleka kwa pikipiki."

"Unayapokeaje?"

Hapo mdomo ukafunguka. Akaniambia habari za laktomita, kile kifaa cha kupimia kama maziwa yametiwa maji, kwamba maziwa mazuri husoma kati ya 28 na 32 hivi, na ikishuka chini ya hapo anajua kuna mtu amepitia bombani. Akaniambia huwa hapimi maziwa yakiwa bado na joto la kiwele, kwa sababu kipimo kinashuka chenyewe na utamwonea mtu bure. Anayaacha yapoe kwanza. Ana daftari: jina, lita, kipimo. Siku moja alikataa ndoo ya mjomba wake, na mjomba hakumsemesha wiki mbili.

"Hiyo ndiyo barua," nikamwambia.

"Hiyo ya mjomba?"

"Hiyo ya mjomba."

Alinitazama kama ninamtania. Tukafuta aya ya pili yote. Badala yake akasema yeye, nikachapa mimi: tangu 2022 anapokea maziwa ya majirani 14 kila asubuhi, anayapima kwa laktomita, anaandika kwenye daftari, na alishawahi kukataa maziwa ya ndugu yake yalipopungua kipimo. Mistari minne. Daftari alikuwa nalo kwenye begi (kwa nini alikuja nalo mjini sijui), tukaskani kurasa mbili tukaziambatisha. Sijawahi kuona kiambatisho kizuri kama kile, mwandiko wa kalamu ya bluu na doa la maziwa pembeni.

Kwa maombi ya serikali shughuli ni nyingine. Kule Ajira Portal, mfumo wa mtandaoni wa kuombea kazi za serikali, hata uandike barua ya kumliza Katibu wa Sekretarieti ya Ajira, viambatisho vikikosewa umeishia hapo. Barua lazima iwe imesainiwa, na kila tangazo kuna anayesahau. Vyeti vithibitishwe na mwanasheria au hakimu. Karatasi za matokeo haziingii mahali pa cheti. Matangazo yanasema wazi kila mara, na kila mara kuna mtu benchini amebeba karatasi ya matokeo. Kinachoniumiza zaidi ni majina. Sisi wa huku, hasa Wanyakyusa, tunaandikwa kila ofisi na herufi yake: cheti cha kidato cha nne kimeweka "i", NIDA, wale wa vitambulisho vya taifa, wameweka "y". Namba yako ya NIDA ina tarakimu 20 na zote umeziingiza sawasawa, lakini jina linakataa kulingana. Hapo unaanza safari ya kwa wakili kutafuta hati ya kiapo au ya kubadili jina, na hiyo safari huianzi saa kumi jioni tangazo likifungwa saa sita usiku. Nimeona mama mtu mzima akilia juu ya kibodi yangu kwa herufi moja. Kama unasoma hapa na hujaomba kazi yoyote bado, toa vyeti vyako leo uvilinganishe.

Na wadhamini. Hapa nasema kwa aibu yangu mwenyewe. Nilipomaliza diploma niliomba kazi ya ukarani, nikajaza wadhamini watatu, mmoja wao mwalimu wangu wa sekondari. Sikumpigia. Nilijua ananipenda, nilikuwa namfutia ubao. Wakampigia wao. Akawajibu kwa upole tu kwamba jina hilo halimjii. Baadaye tulikutana stendi, akanikumbatia: "Kumbe ni wewe! Mbona ulitumia jina la ukoo? Mimi nilikuwa nakuita Mama Chaki."

Basi, kijana wa Tukuyu. Barua pepe yake ilikuwa na jina la mchezaji wa mpira na namba za jezi. Tukamfungulia nyingine yenye majina yake mawili. Faili lililoitwa "barua mpya mpya kabisa" tukalipa jina lake na cheo anachoomba. Mdhamini wa kwanza aliweka mwenyekiti wa ushirika wao wa maziwa, nikamlazimisha ampigie palepale. Mzee akapokea kwa Kinyakyusa, wakaongea dakika tano, sikuambulia kitu isipokuwa "ndaga fijo" ya mwisho, yaani asante sana. Alipokata simu alikuwa anatabasamu. "Amesema atawaambia habari ya mjomba."

Tukatuma saa kumi na dakika kumi. Akalipa, akakunja risiti, akafika mlangoni akarudi.

"Dada, samahani. Hiyo barua unaweza kunirushia WhatsApp? Binamu yangu naye anaomba."

"Binamu yako anapima maziwa?"

"Hapana, anaendesha bajaji Uyole."

Nikamwambia aje naye Jumamosi, na huyo binamu aje na habari za bajaji.