Yule bwana wa insulini na chaki kwenye baraza

Mamangu anadunga insulini, dawa ya kisukari, mara mbili kwa siku, asubuhi kabla ya chai na jioni akishaswali magharibi kabla hajala, na chupa yake inakaa kwenye friji lakini stima ya hapa Lamu mnaijua, ikikatika kutwa nzima basi anaivingirisha kitambaa kilichoroa na kuitumbukiza kwenye mtungi wa udongo pale dirishani panapopita upepo. Nimeiona ile chupa miaka na miaka, ndogo kama chupa ya uturi, na sikuwahi kujiuliza ndani mna nini hasa.

Sasa mpwa wangu, binti ya dadangu, matokeo ya fomu foo yalipotoka akapata C, na kemia ndo iliyomvuta chini. Wiki mbili hatoki nje. Huyu mtoto tangu yuko darasa la saba alikuwa anasema atafanya kazi maabara, na huko shuleni praktikali walifanya za kuhesabu, watoto wanane wamezunguka bureti moja, ule mrija wa kupimia, yeye wa nyuma anaandika tu namba anazosikia kutoka mbele. Nikamwambia tuangalie kozi, akanijibu, "Mjomba, sayansi ni ya wenye akili."

Hilo neno liliniuma. Nikamkalisha barazani nikamsimulia habari za Frederick Sanger.

Huyu bwana kazaliwa 1918 kijiji cha Rendcomb huko Uingereza, babake daktari, na yeye mwenyewe alikuwa aje kuwa daktari alafu akaghairi, maana aliona daktari anakimbia kutoka mgonjwa huyu kwenda yule, na yeye alitaka ashike jambo moja asiliachie. Mwaka 1936 akaingia Cambridge, chuo cha St John's. Na hapa ndo nilitaka mpwa wangu asikie vizuri, mwenyewe Sanger alikuwa akisema hakuwa mtu wa kung'ara darasani na pengine Cambridge asingeingia kama wazazi wake wasingekuwa na uwezo. Fizikia na hesabu zilimlemea, ikabidi fizikia aiache, ile sehemu ya kwanza ya digrii ikamchukua miaka mitatu. Na humo humo katikati akafiwa na baba na mama, wote kwa saratani. Yani kijana wa miaka ishirini hivi, yatima, masomo yanamsumbua. Alafu akakutana na baiokemia, kemia ya viumbe hai, somo ambalo wakati ule lilikuwa bado changa, na ndani ya somo hilo akapata daraja la kwanza.

Vita vya pili vikaja. Yeye kalelewa kwenye madhehebu ya Quaker, watu wasiobeba silaha, akakataa jeshi akabaki maabara, na 1943 akamaliza shahada ya uzamivu, ile PhD, sio ya utabibu.

Baada ya hapo akaanza kazi ya insulini, ya ng'ombe, kwa sababu ni moja ya protini chache safi zilizoweza kununuliwa dukani. Insulini yenyewe ilikuwa inatibu watu tangu 1922 huko Toronto, lakini imeundwaje hakuna aliyejua, na wakubwa wengine wa sayansi waliona protini ni mchanganyiko tu usio na mpango maalum. Sanger akatafuta dawa inayong'ang'ania ncha ya mnyororo wa protini na kuipaka rangi ya manjano, akivunja mnyororo kwa asidi anatafuta ni kipande gani chenye manjano, basi hicho ndo kilikuwa cha kwanza. Kisha anauvunja tena sehemu nyingine, na tena, na kila vipande anavitenganisha kwenye karatasi.

Mpwa akaniuliza, karatasi inatenganishaje?

Nikaingia ndani nikatoa chaki nyeupe na kalamu ya felti nyeusi, nikachora duara karibu na mwisho wa chaki, nikaisimamisha kwenye kisosi chenye maji kidogo, duara liko juu ya maji. Tukatulia. Maji yakapanda taratibu, yakafika kwenye weusi, na weusi ukaanza kuachana, bluu ikatangulia, zambarau ikafuata, manjano nyembamba ikabaki nyuma. Kumbe nyeusi ilikuwa rangi tatu. Hakusema kitu, akachukua chaki ya pili mwenyewe.

Ndo kazi aliyofanya Sanger zaidi ya miaka kumi. Chukua ushanga uliotungwa, ukate hapa uandike vipande, chukua mwingine kama huo ukate kwengine, mpaka vipande vinavyopandiana vikuonyeshe shanga zilifuatana vipi. 1955 akamaliza: shanga 51, yani amino asidi, vile vipande vidogo vinavyounda protini, nyuzi mbili, moja ina 21 na nyengine 30, zimefungwa pamoja kwa salfa. 1958 akapewa Nobel. Ya ng'ombe na ya binadamu zinatofautiana shanga tatu tu, na ya binadamu sikuizi inatengenezwa na bakteria au hamira iliyowekewa jeni yake, yani maagizo ya kuitengeneza, kazi ambayo huwezi kuianza kama hujui mpangilio.

Alafu hakukaa akastarehe na jina. Akahamia maabara mpya hapo hapo Cambridge mwaka 1962, akageukia DNA, yale maandishi ya urithi yaliyomo ndani ya viumbe, na 1977 yeye na wenzake wakasoma DNA nzima ya kirusi kimoja kinachoshambulia bakteria, herufi elfu tano na ushei, na mwaka huo huo wakatoa njia ya kusoma DNA ambayo inabeba jina lake hadi leo. 1980 Nobel ya pili ya kemia. Ukubwa wa idara hakuutaka, alitaka kushika chupa kwa mikono yake, na alipofika 65 akastaafu akaenda kulima bustani. Walitaka kumpa cheo cha kuitwa Sir akakataa.

Mamangu alikuwa anasikia yote kutoka mlangoni, ushungi uko mabegani. Akauliza, "Na huyo bwana yu hai?"

Nikamwambia kafa 2013, ana miaka 95.

"Makubwa," akasema, akaenda kuangalia mtungi wake.

Maombi ya diploma ya ufundi wa maabara tumetuma Jumatatu. Chaki saba zimepangwa dirishani mpaka sasa, kila moja na kalamu yake, na ile ya kijani imeandikwa chini kwa penseli: bluu juu, manjano chini, dakika nne.