Siku moja na kamba mwenye rungu

Saa 12 asubuhi. Natunza matangi ya maji ya chumvi, na dogo kuliko yote, la lita 60, ndilo linaloniumiza kichwa. Humo anaishi kamba vunjajungu, mnyama wa baharini anayepiga windo kwa mikono ya mbele iliyo kama rungu; huyu ni wa jamii ndogo isiyofika sentimita 10. Anaishi peke yake, maana kaa au samaki ukimtia humo umempelekea kitoweo.

Leo mlango wake umezibwa. Usiku amekokota vipande vya matumbawe na changarawe, akaziba bomba la plastiki nililolifukia chini ya mawe, akaacha upenyo mwembamba tu. Juzi alimkataa konokono. Dalili zote ni za kujivua gamba.

Saa 1. Joto nyuzi 25, sawa. Chumvi imepanda kidogo, gramu 36 kwa lita badala ya 35. Maji hupaa, chumvi haipai. Tangi hili likipungua lita 2 tu, kipimo kinafika hapo. Kwa hiyo ninachoongeza ni maji yaliyochujwa yasiyo na chumvi, polepole, kikombe kwa kikombe. Kwenye tangi kubwa lita 2 hazionekani. Hapa ni tofauti ya kamba aliyetulia na kamba aliyefadhaika, tena wakati mbaya kabisa.

Amonia sifuri, naitraiti sifuri: hizo ni sumu zitokanazo na uchafu wa wanyama. Naendelea na matangi mengine.

Saa 4. Kijana anayejifunza kazi kainama mbele ya kioo.

"Kaka, huyu si amekufa? Tuinue jiwe tuone."

"Usiguse, dogo. Ukiliinua sasa ndiyo utamuua."

Haridhiki. Anauliza kama kweli hawa huvunja vioo. Wote huanza na swali hilo. Rungu la Odontodactylus scyllarus, yule mkubwa wa rangi rangi, limepimwa likienda mita 23 kwa sekunde ndani ya maji, kwa hiyo hofu ina msingi. Ila kwa mdogo kama huyu kioo hakininyimi usingizi. Maji ndiyo yanayoninyima.

Saa 7 mchana. Tangi la karantini lina samaki wenye madoadoa meupe, wanatibiwa kwa dawa ya shaba. Shaba kwa kamba ni sumu, hata kidogo sana. Ndoo, mpira na wavu wa upande ule vina utepe mwekundu na havivuki kuja huku. Mikono nayo naiosha hadi viwiko. Kijana anacheka, mwache acheke.

Saa 10. Nachanganya maji mapya ya chumvi kwenye pipa, naweka hita na pampu yazunguke hadi kesho. Siku ya kubadilisha maji ilikuwa leo, lakini vipimo ni vizuri, sioni sababu ya kumsumbua. Taa yake nimeizima mapema. Mwanga mkali hana haja nao, na wale wakubwa wa rangi rangi huugua gamba wakiwekwa kwenye mwanga mwingi na maji machafu.

Saa 2 usiku. Kwa tochi nyekundu namulika upenyo. Jicho moja linatazama juu, la pili linanitazama mimi. Kila moja huzunguka kivyake. Pembeni yake limelala gamba zima, jeupe, na miguu yote, hata vifuniko vya macho. Ukiliona ghafla utadhani ni maiti. Silitoi: huenda akalila mwenyewe kurudisha madini.

Nikisogeza kidole kwenye kioo, anatanua mikono kama anayetaka kupiga. Hawezi. Rungu bado laini, akipiga ataumia mwenyewe. Roy Caldwell na Rick Steger waliandika mwaka 1983 juu ya tabia hii: aliyetoka kujivua gamba huwatishia wenzake ili asinyang'anywe tundu, ingawa hana nguvu ya kupigana. Mimi ni mkubwa kwake mara elfu, na bado karibu nirudi nyuma.

Saa 3. Naandika kwenye daftari la zamu: gamba limevuliwa, asilishwe kesho, jiwe lisiguswe. Akifungua mlango mwenyewe ataanzishiwa kipande laini cha nyama ya kamba kwa kibano kirefu. Konokono wenye gamba gumu wasubiri hadi rungu likaze vizuri. Mstari wa mwisho nimeupigia mstari mara mbili, kijana auone.