Deiwaka wa Jumapili ya Marathoni

Machi 2019 nilikuwa msimamizi wa mgahawa mdogo mjini Moshi, si mbali na Mnara wa Saa. Jumapili ya Kilimanjaro Marathoni, saa 11 alfajiri, nilikuwa na masufuria mawili ya mtori, trei nane za mayai na mhudumu mmoja. Wengine wanne walikuwa wametuma meseji usiku. Huyu tumbo, yule msiba Marangu, wawili hawakujisumbua hata kutunga sababu.

Mdogo wangu akaniingiza kwenye kundi la WhatsApp la madeiwaka, yaani vibarua wa kutwa, wa mahotelini. Enzi zile kundi halikuzidi watu 256, nalo lilikuwa limejaa, ikabidi atolewe mtu ndipo niingie. Nikaandika kwamba nataka wahudumu watatu, sh 10,000 kwa siku, chakula juu yangu.

Kimya. Kisha mmoja akajibu: "Bosi, leo marathoni."

Nikapanda hadi 15,000. Papo hapo hoteli moja ikatangaza 25,000 na bodaboda ya kurudi nyumbani. Nikasoma ujumbe wa juu kidogo nikamkuta mwenye msiba wa Marangu: "Nipo, uzoefu miaka mitatu, napenda karibu na Uwanja wa Ushirika." Miaka yenyewe aliipata kwangu! Nilitaka kumpigia nimtukane, ila muda huo watu walishaanza kuuliza supu.

Nikaweka 25,000. Ndani ya nusu saa wakafika watatu. Dada mmoja alikuja na sare yake kwenye mfuko wa rambo (ulikuwa haujapigwa marufuku bado, ilibaki miezi mitatu) na kifungua chupa mfukoni. Hakuuliza jikoni ni wapi, alifuata harufu. Meza ya watu tisa waliotoka kukimbia, bado na namba kifuani, aliwasikiliza bila kalamu, akaenda akarudi na sahani nne mkono mmoja. Hakukosea hata chapati. Mimi niliyekaa mle miaka sita nilimpelekea mtori mzungu aliyeagiza chai.

Jioni nikawatumia pesa zao kwa simu, mmoja mmoja. Kila meseji ilipoingia, simu zao zililia, na yule mhudumu wangu aliyebaki, wa sh 10,000, alikuwa anafuta meza ya pembeni. Akafuta ileile mara mbili.

"Kaka," akaniuliza, "kundi lile leo hawajamtoa mtu mwingine?"