Mpiga gitaa wa Oceanos

Leo nimemwonyesha babu video ya meli ya Oceanos ikizama pwani ya Afrika Kusini, mwaka 1991.

Nikamweleza: iliundwa Ufaransa, ikaitwa Jean Laborde, ikapeleka abiria Madagaska kutoka Marseille. Baadaye Wagiriki wakaifanya meli ya watalii.

"Jean Laborde? Hiyo tumeipakua Kilindini, we mwana!"

Akaisogeza simu hadi karibu iguse pua.

Nahodha kaondoka na helikopta, abiria wangali ndani. Aliyekamata redio kuomba msaada ni mpiga gitaa wa meli, Moss Hills. Watu 571, wote wakaokoka. (Mimi bado siamini.)

Babu hakuuliza tena habari za meli.

"Huyo wa gitaa," akasema, "walimlipa mshahara wa nahodha?"

Nimecheka, jibu sina. Nyie mngemjibuje?