Namtaka Mungu awe Mfalme au awe wakili wangu?

Tangu alfajiri nimekaa na Luka 12, mstari wa 13 na 14, na nimeshindwa kuhama. Miaka yote naipita tu hiyo mistari kwa sababu macho yanakimbilia mfano wa yule tajiri na maghala yake. Mtu anatoka kwenye umati anamwambia Yesu, mwambie ndugu yangu tugawane urithi. Hatuambiwi kama alikuwa anadanganya, huenda haki ilikuwa yake kabisa, lakini Yesu anamuuliza ni nani aliyeniweka niwe mwamuzi juu yenu, halafu anaanza kuongelea choyo.

Mimi ndo huyo mtu. Tangu baba afariki kihamba chetu, shamba la ukoo, kule Machame kina maneno, mdogo wangu kang'oa masale, ile mimea ya mpaka aliyopanda babu upande wa juu wa migomba, kapanda mengine hatua kadhaa ndani ya eneo langu, ukifika unaona udongo bado mbichi pale. Na kila usiku napiga magoti, Bwana simama na mimi, Bwana weka mambo hadharani, Bwana mguse moyo. Mguse yeye.

Nafsi ya mtu aliyeokoka haisemi simtaki Mungu, hapana, inafunga, inatoa fungu la kumi, inaimba kwaya, ila ishaamua kesi iishe vipi na Mungu anatakiwa aje kuitetea tu. Wakili anafuata maelekezo yako. Mfalme ndo anakupa wewe maelekezo, na mengine huyapendi kabisa.

Mwanzo 13 inanisumbua zaidi. Wachungaji wa Abramu na wa Lutu wanagombania malisho, Abramu ndo mkubwa, nchi kaahidiwa yeye, ana kila sababu ya kuchagua kwanza, na bado anamwambia kijana ukienda kushoto mimi nitaenda kulia. Lutu akainua macho akachukua bonde la Yordani lenye maji mengi. Mtu anayejitawala hawezi kusema maneno ya Abramu, maana asipojilinda mwenyewe anaamini hakuna mwingine wa kumlinda. Nadhani ndo maana kujitawala kunachosha hivi, unalala na mpaka kichwani unaamka nao.

Sisemi kwenda baraza ni dhambi, mjane anayenyang'anywa shamba aende na kanisa limsindikize. Ila mimi moyo wangu naujua, nataka nishinde.

Kwetu Wachagga aliyekosa ndo anakuja na jani la isale, mmea ule ule wa mpaka, kuomba msamaha, kwa hiyo nafsi inaniambia kaa tulia msubiri alete. Sasa Mathayo 5 inasema ndugu yako akiwa na neno juu yako, acha sadaka yako madhabahuni uende ukapatane naye, na Mathayo 18 inasema yeye akikukosea, enda wewe, mkiwa wawili tu. Nimezigeuza huku na huku, kote anayetembea ni mimi!

Jumamosi napanda basi la Moshi. Wale mashahidi niliokuwa nimewapanga nimewaambia wasije. Mama nimempigia, akaniuliza na mpaka je mwanangu, nikamwambia mama hilo bado sijajibiwa, nilichoambiwa ni niende.