Jua la Mchana, Taa za Usiku

Nyumba yetu ya Likoni ina paneli nne juu ya paa tangu mwaka juzi, nami nimejifunza kwamba hesabu ya umeme wa jua haiishii kwenye bei ya paneli. Mchana friji na pangaboi hufanya kazi bila malipo; magharibi ikishaadhiniwa, ndipo betri, iliyotugharimu zaidi ya paneli zote, inapodaiwa kazi yake. (Chumvi ya bahari nayo hula skrubu kwa kasi ambayo fundi hakututajia.)

Taifa zima lina tatizo lilo hilo kwa kipimo kikubwa. Mahitaji ya umeme nchini Kenya hupanda sana jioni, wakati ambapo mtambo wa jua wa Garissa, wenye takriban megawati 50, umekwisha kulala. Upepo wa Loiyangalani, karibu na Ziwa Turkana, huvuma hata usiku wa manane, lakini saa hizo watu wamelala na wanunuzi wa umeme ni wachache. Mitambo 365 ya huko, yenye uwezo wa megawati 310, ilikuwa imekwisha kusimikwa mwaka 2017, ila ikasubiri laini ya umeme ya kuelekea kituo cha Suswa hadi mwaka 2018, huku Serikali ikibebeshwa fidia ya ucheleweshaji huo.

Kwa hiyo anayesema upepo ni wa bure simwelewi. Wala anayetaka tutegemee mafuta mazito yachomwayo Kipevu, Mombasa, kuzalisha umeme, ambayo bei yake hufuata soko la dunia, simuungi mkono. Mimi ningetanguliza betri na laini za umeme kabla ya kuongeza mitambo mingine.