Mpeleke kwa dokta wa meno kabla jino halijauma

Jamani tuongee ukweli, mtoto wa Bongo anamjua daktari hata kabla hajamwona. Akikataa uji, "nakupeleka kwa dokta akuchome sindano", akila pipi, "utang'olewa meno yote wewe", alafu siku tukimpeleka kweli kang'ang'ania mlango wa bajaji analia mpaka majirani wanatoka nje, na sisi eti tunashangaa. Sasa angefanyaje?

Ndo maana mi maandalizi ya binti yangu niliyaanzia kwa watu wazima. Dada wa kazi alinielewa chap, shughuli ilikuwa kwa bibi yake, maana bibi sindano anaitia kila mahali kama chumvi. Tukaelewana humu ndani dokta hatishii tena mtu. Mtoto alikuwa na miaka miwili na kitu, jino bovu hana, kwa hiyo kila mtu ananiuliza sasa unampeleka kufanya nini na haumwi? Si ndo muda wenyewe huo! Wataalamu wa meno ya watoto wanashauri aonwe tangu jino la kwanza likitoka, asivuke mwaka mmoja. Sisi tunasubiri shavu livimbe, mtoto hajalala, hajala, ndo anaenda kukutana na mgeni kavaa maski na kashika vyuma, na jino likishafika hapo mara nyingi ni kung'oa tu. Hapo umeshampoteza, mara ya pili hata mdomo hafungui.

Na ile "si ya utoto, yatadondoka tu" tuiache. Meno ya utoto yako 20, na magego yake mengine mtoto anakaa nayo mpaka miaka 10 au 12, miaka yote hiyo anatafunia hayo hayo na yanashikilia nafasi ya meno ya ukubwani, likitoka mapema majirani wanasogea na jino jipya linakosa pa kupita.

Nyumbani tulicheza tu. Analala kichwa kwenye mapaja yangu, namulika na tochi ya simu, nahesabu meno kwa sauti moja, mbili, tatu, alafu zamu yake ananihesabu mimi (anaruka kutoka nne kwenda kumi, sawa tu). Mdoli naye alihesabiwa, japo hana meno. Usianze wiki nzima kabla kumhubiria, mtoto mdogo ukimwambia sana anaanza kuhisi kuna jambo. Jana yake inatosha: kesho tunaenda kwa dokta wa meno, ana kiti kinapanda na kushuka, ana kioo kidogo, atahesabu meno yako.

Maneno ndo ya kuchunga. Ukisema "haumi" yeye kasikia kuuma, ukisema "usiogope" anajiuliza kwani kuna nini cha kuogopa. Na usimuahidi hakuna sindano, we sio dokta, ikitokea inatakiwa ganzi umeshaonekana muongo. Binti yangu aliniuliza nikamwambia tukifika muulize mwenyewe, na kweli aliuliza, dokta akamuonyesha kioo, akamgusisha kwenye kucha kwanza ndo akaingia mdomoni.

Chukua muda wa asubuhi, kashalala vizuri na kashakunywa chai, sio ule muda wa usingizi wa mchana. Ukipiga simu waambie umri wake na kwamba ni mara ya kwanza. Kwa wadogo kabisa hata kiti hakihitajiki, wewe na dokta mnakaa mkitazamana magoti yanagusana, mtoto anakukalia wewe anakuangalia, alafu analazwa kichwa kinaenda kwa dokta. Atalia? Anaweza kulia. Akilia si mdomo umefunguka, dokta anaona kila kitu, usione aibu.

Dokta wetu alianza na meno ya mbele ya juu, akainua mdomo kuangalia karibu na fizi kama kuna vidoa vyeupe mfano wa chaki, maana ndo dalili ya mwanzo ya kuoza, hasa kwa wanaolala na chupa ya maziwa au juisi. Hata nyumbani unaweza kuangalia. Dawa ya meno yenye floraidi (yale madini ya kukinga meno yasioze) chini ya miaka 3 ni kiasi cha punje ya mchele, miaka 3 mpaka 6 punje ya njegere, sio ule mstari mrefu wa kwenye matangazo. Kama mnaishi Arusha pande za Meru, kule maji ya sehemu nyingi yana floraidi kibao mpaka meno yanakuwa ya kahawia, mwambie dokta mnakunywa maji gani.

Ukiwa hapo muulize na habari ya "meno ya plastiki", ile imani kwamba kichanga akiwa na homa na kuharisha kuna meno mabaya kwenye fizi ya kung'olewa, kama kuna shangazi anakusumbua nayo. Kile wanachochokonoa kwenye fizi za kichanga ni jino halisi linalojitengeneza, na mtoto mwenye homa na kuharisha anatakiwa hospitali na ORS, ile dawa ya unga ya kuchanganya na maji.

Kingine cha kuuliza ni gego la miaka 6, hilo linaota nyuma kabisa bila jino lolote kudondoka, wazazi wengi wanadhani la utoto, kumbe ndo la maisha hilo. Wa kwangu bado, ila nimeshamwambia bibi yake akae nalo macho.